Watu Wanne wa Njiapanda

Binti yangu alipozaliwa, jina langu lilikuwa zamu Luzira. Mimi mwenyewe nilikuwa wodini, nimelala ubavu, nesi ananikemea nisibane miguu. Lakini kwenye karatasi ya kituo nilikuwa nimesimama njiapanda ya pili kutoka ziwani, nazuia magari ili watu wapite na baiskeli zao. Karatasi hiyo nilikuja kuiona niliporudi kazini, bado imebandikwa ukutani. Hata namba yangu ya kazi haikukosewa. Nilijisikia kama mtu aliyesoma tangazo la msiba wake akakuta jina lake limeandikwa sawasawa.

Mimi ni polisi, konstebo. Nilimaliza sekondari, nikaingia polisi kwa sababu mwaka huo walikuwa wanaandikisha na mimi nilikuwa na viatu. Kituo changu sitakitaja. Wanaokijua watakijua.

Siku hizi Kampala kila kikundi kinaendesha baiskeli kuchangisha pesa. Kanisa linaendesha ili zahanati ipate vitanda. Shule inaendesha ili ipate choo. Watu wa mtaa mmoja wanaendesha ili mtaro uzibuliwe, mtaro ambao wangeuzibua wenyewe kwa majembe katika muda ule ule. Sina ugomvi nao. Mtu akitaka kutoa jasho Jumapili kwa ajili ya choo cha watoto, Mungu amjalie. Ila barabara lazima zifungwe, na hapo ndipo sisi tunapoingia.

Waandaaji wanaandika barua ya kuomba polisi. Barua inamfikia mkubwa wa kituo, mkubwa anampa sajenti karani, na sajenti karani anaandika orodha: njiapanda hii watu wanne, njiapanda ile watu wanne. Nilimuuliza siku moja kwa nini wanne. Akaniambia barabara ina pande nne. Njiapanda yangu ilikuwa na pande tatu.

Nisimseme vibaya, hakuwa mvivu. Alikuwa mtu wa kupenda karatasi nadhifu, na orodha ya mwaka uliotangulia ilikuwa nadhifu, ilishapita kwa wakubwa bila swali. Kwa hiyo aliichukua hiyo hiyo, akabadilisha tarehe, akampelekea mkubwa aweke sahihi. Nakala moja ikaenda juu, nyingine kwa waandaaji, nao wakafurahi kuona njiapanda zao zote zina watu wanne wanne. Aliyehamishwa alibaki kwenye orodha. Aliyekwenda kozi alibaki. Mimi nilibaki na tumbo la miezi tisa, nikabaki hata baada ya kujifungua. Mtu wa kweli mmoja akipatikana kwenye wanne, zamu imekamilika.

Na wale wa kweli wengine wako wapi? Wako mahali pa kuanzia. Pale kuna fulana, soda, kamera, na mgeni rasmi wa kupigiwa saluti. Ukipangwa njiapanda ya mbali, ujue huna mtu wa kukutetea ofisini.

Niliporudi kutoka likizo ya uzazi mtoto alikuwa na miezi mitatu. Ilipofika Jumapili ninayoieleza alikuwa na minne, na alikuwa anakula kitu kimoja tu duniani, na kitu hicho nilikuwa ninacho mimi. Tulijaribu chupa. Tulijaribu kijiko, tukajaribu kikombe. Maziwa niliyokamua mwenyewe, ya kwangu, aliyatazama kama mtuhumiwa anavyotazama maelezo aliyoandikiwa na mtu mwingine. Akafunga mdomo. Baba yake anaendesha lori la Juba na siku nyingi yuko njiani, kwa hiyo mtoto hukaa na jirani yangu wa Namuwongo, mama wa Kikongomani kutoka Bukavu anayeuza vitenge. Yeye amelea wanane na hashangazwi na mtoto. Huyu wa kwangu alimshangaza.

Nilimwomba sajenti anipange karibu na nyumbani ili mtoto aletwe anyonye.

"Nimekuweka karibu," akasema. "Eneo la viwanda, upande wa Nakawa."

"Hapo ni karibu na nani, afande?"

"Na Nakawa."

Nikakubali. Nilipanga na dada wa Bukavu kwamba apande bodaboda aniletee mtoto saa nne kamili. Nitakuwa na wenzangu watatu, nikamwambia. Mmoja atanishikia lindo nusu saa, nitakaa kwenye baraza la duka lolote, nitanyonyesha, nitarudi. Nilisema hivyo nikijua orodha zinavyoandikwa. Mtu akiwa na shida huamini hata karatasi.

Nilinyonyesha saa kumi na moja alfajiri nikiwa nimeshavaa sare, na saa kumi na mbili nikawa njiapanda na koni sita na kizibao cha kung'aa. Wenzangu hawakuwepo. Nikatazama picha ya orodha niliyoipiga kwa simu. Wa kwanza alikuwa amehamishiwa Moroto tangu mwaka jana. Wa pili alikuwa kozi. Wa tatu alikuwa amestaafu, tena sherehe yake nilikuwepo, tulikula mbuzi, akalia, akatuambia hatavaa buti tena maishani. Hao ndio waliotakiwa kunishikia lindo.

Nikafunga barabara. Ndiyo kazi.

Asubuhi ya Jumapili eneo la viwanda lina watu kuliko unavyodhani. Kuna wanaokwenda kanisani, kuna wapakiaji wa ghala, kuna bodaboda wanaowabeba wote hao. Kufika saa tatu foleni ilikuwa imekunja kona. Mbele kabisa alikuwa Mkenya mmoja na pikapu imejaa mabeseni ya plastiki, anayapeleka sokoni. Alishuka, akanijia taratibu, mikono nyuma kama anakwenda kutoa pole.

"Madam, wacha nikuulize kitu, na tafadhali usikasirike. Hii barabara imefungiwa nani?"

"Baiskeli."

"Ziko wapi?"

"Zinakuja."

"Zinatoka Kisumu?"

Watu wakacheka. Mimi sikucheka kwa sababu nilikuwa na sare.

"Rudi kwenye gari lako, ssebo. Sina maagizo ya kufungua."

"Sawa, madam. Mimi niko tu. Zikifika mniamshe."

Saa nne ikafika. Mtoto hakufika. Kifua changu kilikuwa kimejaa mpaka kinauma, nikisogeza mkono kusimamisha gari nang'ata meno. Shati la khaki lilianza kulowa sehemu mbili. Nikakaza kizibao juu yake. Hicho kizibao mtu alikibuni kwa ajili ya usalama barabarani na sijui kama alikuwa mwanamke, lakini nilimwombea.

Kijana wa bodaboda aliyekuwa ameegesha pikipiki yake karibu na koni akaniita.

"Afande."

"Nini?"

"Mimi nimetoka barabara ya Port Bell sasa hivi. Baiskeli iko kule. Nimeona na macho yangu mbili."

"Kaa hapo."

"Nimekaa. Lakini nakwambia, kule polisi mingi kama harusi. Hapa uko peke yako kama mjane. Wewe huoni?"

Nilikuwa naona. Nikampigia sajenti.

"Afande, baiskeli zinapita huku au hazipiti?"

"Hazipiti. Njia ilibadilishwa Ijumaa, kuna kalvati limechimbwa mbele yako huko."

"Ijumaa?"

"Ijumaa jioni. Barua ililetwa."

"Mbona hukuniambia?"

"Barua ilikuwa ya mkubwa. Haikuwa yako."

"Basi nafungua barabara."

"Nani kakwambia ufungue? Kwenye orodha njiapanda hiyo imefungwa. Nikibadilisha yako nibadilishe zote, na mkubwa ameshaweka sahihi. Funga hadi saa saba."

"Sawa, nipe mtu anipokee dakika ishirini. Mtoto wangu hajanyonya."

Nikasikia karatasi inafunuliwa.

"Si mko wanne hapo?" akasema.

Nilikata simu. Kumkatia sajenti simu ni kosa, najua. Nilifundishwa.

Ndani ya dakika hiyo hiyo simu ikalia tena. Dada wa Bukavu. Kabla hajasema neno nilimsikia mtoto, na sihitaji kueleza sauti hiyo. Mama yeyote aliyenyonyesha anajua mwili unavyoijibu kabla ya kichwa.

"Mama Afande, tuko huku kwa kamba. Banakatala tupite. Boda banaizuia, miye nikasema nitembee na miguu, banakatala na miguu pia!"

"Uko wapi, dada?"

"Barabara ya Port Bell. Kuko baiskeli, kuko muziki. Minabaambia mama ya huyu mutoto ni polisi. Benyewe banasema kila mutu leo mama yake ni polisi!"

"Mpe simu polisi aliye karibu."

Ikapita muda, mtoto akilia, muziki ukipigwa. Kisha sauti ya mwanamume, kijana, haijui kitu.

"Nani?"

"Konstebo mwenzako, niko njiapanda ya viwandani. Mruhusu huyo mama avuke, mtoto ana njaa."

"Njiapanda ya viwandani haipo kwenye ramani."

"Nimesimama juu yake."

"Kwenye ramani mpya haipo, afande. Na mgeni rasmi hajapita. Sina maagizo ya kufungua."

Nikageuka nikatazama foleni yangu. Mkenya alikuwa amelala kweli, mguu mmoja nje ya dirisha. Nyuma yake kulikuwa na gari la mama mmoja aliyekuwa ameniomba mara mbili, na mara mbili nilimjibu kwamba sina maagizo ya kufungua. Neno kwa neno. Tulifundishwa sote darasa moja. Nilikuwa nimeifunga barabara ambayo hakuna anayeitaka, mwenzangu ameifunga niliyoitaka mimi, na katikati kulikuwa na mtoto wa miezi minne ambaye hakuandika barua wala hakuweka sahihi.

Nikaokota koni. Zote sita nikazipanga kando ya barabara, kubwa nyuma, ndogo mbele. Nikagonga pikapu.

"Pita."

Mkenya akaamka. "Zimepita?"

"Pita kabla sijaghairi."

"Na tulizingoja kwa roho safi!" Akawasha gari. Foleni nzima ikapita na honi, wengine wakinipungia mkono kama bibi harusi, mmoja akanitukana kwa Kiganda tusi ambalo nilistahili.

Kijana wa bodaboda alikuwa bado amekaa.

"Wewe huendi?"

"Nakungoja wewe. Hiyo simu tumesikia wote." Akapiga kiti cha nyuma kofi. "Lakini afande, wakikuuliza nani alikubeba?"

"Nitasema nimekamata pikipiki yako."

"Kale, sawa. Nikamate haraka."

Barabara ya Port Bell ilikuwa kama alivyosema, harusi. Kwenye kamba ile moja, kivukio kimoja kisichokuwa hata na makutano, nilikuta polisi kumi na moja. Nilihesabu mara mbili. Wawili walikuwa wamevaa fulana za waandaaji juu ya sare. Mmoja kazi yake ilikuwa kushika mwavuli. Baiskeli zilikuwa zinapita kweli, na sitasema zilikuwa mbaya: wazee, watoto wenye magurudumu madogo ya kusaidia, mabwana wenye matumbo ndani ya suruali za kubana ambazo hazikuwaficha kitu. Mtu anaweza kufurahi kuwaona, kama ameshanyonyesha.

Nilipita chini ya kamba. Hakuna aliyenizuia, sare ilinijua. Dada wa Bukavu alikuwa amesimama kwenye kivuli cha duka la vyuma, kitenge kimefunguka, amechoka, na binti yangu alikuwa ameacha kulia kwa sauti. Hilo ndilo lililonitisha. Alikuwa anatoa kilio kidogo kikavu, kinakatika, na macho ameyafumba. Nikakaa chini kwenye ngazi ya duka, nikafungua vifungo vya shati, kizibao cha kung'aa nikakivuta juu yake. Mwanzo hakushika. Alikuwa amechoka hata kushika. Nikamkamulia mdomoni, matone, moja, mbili, akameza, akashangaa, halafu akashika kwa nguvu mpaka nikatoa sauti.

Yule konstebo kijana akaja akasimama pembeni, anatazama barabarani kwa heshima.

"Pole, afande. Sikujua ni mtoto kweli."

"Ulidhani nini? Redio?"

"Watu wanadanganya."

"Hata mimi nilimwambia huyo mama kwamba nitakuwa na wenzangu watatu," nikasema. Hakuelewa. Akaenda.

Ndipo mkubwa wa kituo alipopita. Alikuwa kwenye baiskeli. Baiskeli ya kuazima, magoti yanafika kwenye usukani, kofia ya plastiki imelalia sikio, fulana nyeupe ina picha ya choo. Alinitazama. Nikamtazama. Mkono mmoja ulikuwa umeshika kichwa cha mtoto, kwa hiyo nikapiga saluti kwa ule mwingine, bila kusimama. Aliendelea kunigeukia mpaka akamgonga mzee wa mbele yake. Si sana.

Jumatatu nikaitwa. Kesi ya ndani, ile ya kuvuliwa kofia na mkanda na kuingizwa ofisini kwa mkubwa, kushoto kulia, kushoto kulia, simama. Kosa la kuacha lindo si la mchezo. Watu hupoteza kazi. Usiku kucha sikuwa nimefikiria sheria, nilikuwa nimefikiria kodi ya nyumba na mtoto asiyetaka kikombe. Sajenti karani alisimama pembeni ameshika faili, ndiye aliyeandika mashtaka, kwa mwandiko mzuri.

Mkubwa akasoma: kwamba konstebo huyu, siku hiyo, aliacha njiapanda ya eneo la viwanda bila ulinzi wa aina yoyote. Akashusha karatasi.

"Unakubali au unakataa?"

"Nakataa, afande."

"Nilikuona kwa macho yangu!"

"Niliondoka, afande. Lakini sikuiacha bila ulinzi. Niliwaacha wenzangu watatu."

Sajenti akaanza kusoma jalada la faili, upande wa nje.

"Watatu gani?" mkubwa akauliza.

"Walio kwenye orodha, afande. Iko hapo, ina sahihi yako. Njiapanda ya viwanda, watu wanne. Wanne ukitoa mmoja wanabaki watatu."

Akamnyooshea sajenti mkono, sajenti akampa orodha kama mtu anayetoa jino. Mkubwa akasoma majina kwa sauti. La kwanza akalipita. La pili akapunguza sauti. La tatu hakulimaliza. Yeye ndiye aliyemkabidhi mzee huyo saa ya ukutani siku ya kumuaga.

"Huyu si alistaafu?"

"Mimi ni konstebo, afande. Nikikuta jina lina sahihi ya mkubwa wangu, siwezi kusema mtu hayupo."

"Unanifanyia mchezo?"

"Hapana, afande."

Na sikuwa nikimfanyia mchezo. Nilikuwa na hasira, na sauti ilitoka tambarare kwa sababu nyingine haikuwepo. Ningeweza kumwambia mengi. Kwamba kama tungekuwa wawili tu, wawili, si wanne, mtoto wangu asingefika pale alipofika. Kwamba kumi na moja walikuwa wanalinda kamba na mwavuli. Sikusema. Yote yalikuwa kwenye karatasi mbili mezani mwake, mashtaka na orodha, na haziwezi kwenda juu pamoja. Akinishtaki mimi, lazima aeleze watatu wako wapi. Alikuwa mtu mwenye akili. Niliona anapofika.

Akachukua mashtaka, akafungua droo, akayaweka, akafunga droo.

"Toka. Rudi kazini."

Sikutoka.

"Bado kuna nini?"

"Naomba saa moja kila siku, afande, kuanzia saa nne asubuhi, ya kunyonyesha. Mpaka mtoto atimize miezi sita. Na nisipangwe njiapanda."

"Sawa, sawa. Nimekubali. Toka."

"Kwa maandishi, afande."

Nadhani alikuwa anatafuta kosa lingine la kunishtaki, moja tu, la mtu mmoja. Kisha akavuta karatasi, akaandika mistari miwili. Nikaiombea mhuri. Sajenti akaupiga, akaupuliza, akanipa bila kuniangalia, nami nikamrudishia, kwa sababu ndani ya mhuri alikuwa ameandika tarehe ya mwaka jana. Akairekebisha. Mkubwa akaweka sahihi ndogo juu ya marekebisho.

Nilivaa mkanda nikitembea. Ilikuwa saa nne na dakika kumi, na dada wa Bukavu alikuwa getini tangu saa nne kama nilivyomwomba, anabishana na askari wa zamu kuhusu kama kitenge ni mzigo unaotakiwa kupekuliwa. Nikamchukua mtoto. Sehemu ya kukaa ilikuwa moja tu, benchi la kaunta wanapongoja wenye malalamiko, basi nikakaa hapo, nikafungua shati, akashika.

Mwanamume mmoja akaingia, ameshika kiatu kimoja mkononi, anatafuta pa kuelekeza macho.

"Nnyabo... mama... afande... ni hapa watu wanaripoti?"

"Ni hapa," nikamwambia. "Subiri. Niko kazini."